KABLA YA KUMLAUMU FUNDI, TAZAMENI GUNDI



Katika karakana moja niliyofanya kazi, tuliamriwa kugandisha ubao wa faibaglasi juu ya fremu ya chuma ya behewa. Ilikuwa alfajiri, nanyi mwaujua ukungu wa huku kwetu Molo: chuma kilikuwa kimelowa umande. Fundi aliomba nafasi ya kukikausha na kukipiga msasa. Msimamizi akajibu, "Paka gundi, behewa linangojewa." Baada ya miezi mitatu ubao ukabanduka. Aliyepewa barua ya onyo ni fundi.

Mimi nimesoma shule ya msingi ya misheni tu, lakini kazi imenifundisha kwamba kiungo kilichoachana hutoa ushahidi. Ikiwa gundi imepasuka katikati, nusu huku na nusu huku, basi gundi yenyewe ilishindwa. Pengine haikuchanganywa vyema, au baridi iliizuia kukomaa. Ikiwa nyuzi za faibaglasi zimechanika na kubaki juu ya chuma, gundi ilikuwa na nguvu kuliko ubao. Lakini ikiwa chuma kimebaki kitupu, gundi haikukishika. Chetu kilikuwa kitupu, tena chenye kutu.

Jambo hili si dogo. Tarehe 28 Aprili 1988, huko Hawaii, ndege aina ya Boeing 737 ya Aloha Airlines ilipasuka paa ikiwa angani. Mtumishi mmoja wa ndege alikufa. Pale ilikuwa bati kwa bati, lakini kanuni ni ile ile: gundi iliachia, unyevu na kutu vikaingia, mzigo wote ukabebwa na ribiti, na nyufa zikaanzia kwenye matundu yake.

Wala tusiseme gundi ni dhaifu. Katika reli zenye ishara za umeme, viungo vingine vya kuzuia umeme hufungwa kwa epoksi na faibaglasi pamoja na bolti, na magarimoshi hupita juu yake. Gundi iliyopakwa juu ya chuma safi na kikavu hustahimili sana ikivutwa kwa ubavu. Hushindwa upesi ikibanduliwa kuanzia ncha moja. Hata sisi wafanya kazi hushindwa vivyo hivyo, tukibanduliwa mmoja mmoja.

Kwa hiyo naomba chama chetu kidai mambo haya. Kwanza, saa za kusafisha na kukausha zihesabiwe kuwa ni kazi, ziandikwe. Pili, tupewe mahali pakavu penye joto. Tatu, tupewe glavu, maana epoksi mbichi huharibu ngozi. Nne, asipewe mtu barua ya onyo kabla kiungo hakijatazamwa mbele ya mjumbe wa chama.

Anayenyima wakati ndiye ajibu.

Umoja ni nguvu.

Mfanya kazi wa Reli, Molo