Saratani ya watoto: Nauli nayo ni sehemu ya tiba

UVIMBE kwenye taya la mtoto waweza kudhaniwa kuwa jino bovu. Huenda ikawa ni Burkitt, saratani iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt nchini Uganda mwaka wa 1958 na ambayo huhusishwa na malaria. Hukua upesi mno, lakini pia husikia dawa ikiwahiwa.

Shirika la Afya Duniani lasema zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani katika mataifa tajiri hupona, ilhali katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Miongoni mwa sababu ni kuchelewa kutambua ugonjwa na kukatiza matibabu.

Kwa mzazi wa Utange anayeishi kwa kibarua, kila awamu ya dawa ni nauli ya kuvuka daraja la Nyali hadi Hospitali Kuu ya Pwani, na ni siku isiyo na ujira. Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, husaidia kulipia matibabu. Haimpi nauli ya matatu.

Hivyo basi, serikali ya kaunti itenge fedha za usafiri wa watoto hawa. Nao majirani, badala ya kunong'ona kuhusu uchawi, wajitolee kuwalea ndugu za mgonjwa waliobaki nyumbani. Saratani haiambukizi.