Inama, Ulione Ua



Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwezi huu methali hiyo itatusaidia katika jambo ambalo huenda wengi wetu hatujalifikiria: kupiga picha maua ya porini kwa karibu. Najua mtauliza, mama mwenye watoto, shamba na kuni atapata wapi nafasi ya kupiga picha maua? Lakini simu yenye kamera siku hizi imo katika nyumba nyingi, na maua yako njiani, tunayapita kila siku tukienda shambani na sokoni. Kinachotakiwa ni dakika kumi, na magoti yasiyoogopa vumbi.

Kwa kawaida tunapopiga picha ua tunasimama wima, tunaelekeza simu chini, tunabonyeza. Picha inayotoka inaonyesha kile ambacho kila mpita njia amekwisha kukiona: doa la rangi kati ya majani. Lakini wageni wa ua ni nyuki anayeliendea kutoka ubavuni, mdudu apandaye shinani, na ndege chozi. Ukitaka kulijua ua, litazame kutoka walipo wageni wake.

Chukua mfano wa kishona nguo, ile mimea ambayo mbegu zake hung'ang'ania magauni yetu. Ukisimama, unaona kitufe kidogo cha manjano. Piga magoti, usogeze kamera, na utagundua kwamba kile ulichokiita ua moja ni kusanyiko la maua madogo mengi, kila moja na mdomo wake. Au kifauongo, ambaye tunamgusa ili majani yake yajifunge. Ua lake kwa karibu ni mpira wa nyuzi nyembamba za waridi, laini kuliko uzi wowote wa kufumia.

Namna ya kufanya

Kwanza, angalia pahali unapotaka kupiga magoti, pasiwe na siafu, upupu wala nyoka, na usikanyage maua mengine kwa ajili ya lile moja. Tandika khanga kuukuu.

Pili, futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Simu ya mama hushikwa kwa mikono yenye mafuta na unga, na picha nyingi zenye ukungu chanzo chake ni hicho tu.

Tatu, jishushe hadi usawa wa ua. Kwenye simu nyingi jicho la kamera liko upande wa juu. Igeuze simu kichwa chini, na jicho hilo litakuwa karibu kugusa udongo. Hapo utalitazama ua kutoka chini, mbingu ikiwa nyuma yake, na kijimea cha kimo cha kiganja kitaonekana kama mti. Jaribu pia nyuma ya ua, ambako watu hawatazami kabisa.

Nne, usisogee mno. Simu nyingi hushindwa kuona vizuri kitu kilicho karibu sana. Rudi nyuma kidogo kidogo mpaka ua lionekane wazi, kisha gusa kwenye kioo mahali pa ua ili kamera ijue unachokitaka. Egemeza viwiko kwenye magoti mkono usitikisike.

Tano, tumia mwanga uliopo, uizime taa ya kamera. Siku ya mawingu ni nzuri, maana hakuna vivuli vikali. Asubuhi upepo bado umetulia, na jua likiwa nyuma ya ua, petali huwaka kama kandili na mishipa yake yote huonekana. Jua likiwa kali, mwambie mtoto akinge kwa khanga.

Bustani ya Mungu

Huko Nyanda za Juu Kusini, katika mikoa ya Njombe na Mbeya, liko tambarare la Kitulo, takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji waliliita Bustani ya Mungu, na mwaka 2005 likawa Hifadhi ya Taifa, kwa ajili ya maua yake hasa. Kuna aina zipatazo 350 za mimea, na kati yake aina 45 ni okidi za ardhini. Wakati wa mvua, hasa kuanzia Desemba hadi Aprili, tambarare lote hubadilika rangi.

Baadhi ya okidi hizo ni za jamii ya Satyrium. Kila ua dogo lina vijipembe viwili nyuma yake, ambamo mna maji matamu wanayoyafuata wadudu. Aliyesimama haoni vijipembe hivyo, ila aliyeinama akapita upande wa nyuma.

Okidi hizi zina viazi chini ya ardhi. Nchini Zambia viazi hivyo husagwa, huchanganywa na karanga na kupikwa hadi viwe kama mkate unaokatwa vipande, uitwao chikanda. Ni chakula kipendwacho, na kwa sababu hiyo viazi vya okidi vimechimbwa kwa wingi Nyanda za Juu Kusini na kuvushwa mpaka. Lakini kiazi kikichimbwa, mmea umekwisha. Mwaka unaofuata hakuna ua pahali pale.

Tusiwe wepesi kumlaumu mama mwenzetu anayechimba ili mwanawe apate daftari na sare. Picha haimlipi. Hata hivyo picha ina kazi yake. Kitu ambacho hakuna aliyewahi kukitazama, kikitoweka hakuna anayekiulizia. Mtoto aliyepiga magoti mbele ya okidi, akahesabu vijipembe vyake, atakuwa mtu mzima anayejua kilichopotea, na pengine ndiye atakayetafuta njia nyingine ya kupata sare.

Tena, picha humruhusu mtoto kulileta ua nyumbani bila kulichuma. Ua lililochumwa hunyauka kabla ya chakula cha jioni. Lililopigwa picha hubaki na mzizi wake, nyuki wake, na mbegu zake za mwakani.

Basi wiki hii chagua mmea mmoja karibu na nyumbani, hata kama ni magugu. Mpe mwanao simu, na mpige picha tano: juu, ubavuni, chini, nyuma, na moja ambayo mtoto amejichagulia mwenyewe. Msijichoshe kutafuta iliyo nzuri kuliko zote. Jioni zitazameni pamoja, na kila mmoja aseme jambo moja ambalo hakulijua asubuhi. Baada ya siku saba rudini kwenye mmea uleule, mwone ua limekuwa nini.