Televisheni bapa: Inchi zinauzwa, kioo kinasahauliwa

MTU anayeingia katika duka la vifaa vya umeme pale Kariakoo kutafuta televisheni bapa ya sebuleni hukutana na swali moja kabla hajamaliza salamu: inchi ngapi? Hapo hapo biashara imekwisha kwenda upande. Muuzaji anajua kuwa inchi ndizo zinazoonekana kwa macho, na mnunuzi anajua kuwa inchi ndizo wageni watakazoziona siku ya sikukuu. Hakuna kati yao anayeuliza kioo kimetoka wapi, taa za nyuma zikifa zitapatikana kwa nani, wala mwenye duka atakuwa wapi miezi minane baadaye.

Fedha inayozungumzwa hapa si ya mzaha. Katika nyumba nyingi za mjini, televisheni na makochi ndivyo vitu vya gharama kubwa kuliko vyote vilivyomo sebuleni, na mara nyingi hununuliwa kwa fedha ya upatu, ya mkopo wa SACCOS au ya kiinua mgongo. Kwa mwenye duka dogo, shehena ya televisheni 20 inaweza kuwa ndiyo mtaji wake wote. Wote wawili wanaweza kuumia kwa kosa lile lile, la kulipia ukubwa na kuacha kulipia uhakika.

Mnunuzi mwenye kiasi fulani cha fedha mfukoni afadhali achukue seti iliyo ndogo kwa hatua moja, lakini yenye dhamana ya kweli na vipuri vinavyopatikana, kuliko kubwa isiyo na mwenyewe. Muuzaji naye atapata faida zaidi akimwambia mteja hivyo.

Chogo ilitengenezeka

Wanaokumbuka televisheni za chogo wanakumbuka pia fundi wa mtaani. Zanzibar ilianza matangazo ya televisheni ya rangi mwaka 1973, na Tanzania Bara ikasubiri hadi mwaka 1994 vituo vya binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Seti za enzi hizo zilikuwa nzito, zilikula umeme, lakini zilitengenezeka. Transista ikiungua ilibadilishwa, swichi ikichoka iliunganishwa waya, na seti ikaendelea kutazamwa mpaka watoto wa nyumba hiyo wakaoa. Bei ya seti ilikuwa imetawanyika katika vipande vingi, na kila kipande kilikuwa na dawa yake.

Televisheni bapa si hivyo. Sehemu kubwa ya bei yake imo katika kitu kimoja, nacho ni kioo. Kioo kikipasuka, kipya huweza kukaribia bei ya seti nzima, kama kikipatikana. Fundi hodari ataweza kubadilisha taa za nyuma, atatengeneza bodi ya umeme iliyopigwa na umeme uliokatika na kurudi kwa kishindo, atabadilisha hata spika. Mbele ya kioo kilichopasuka atakunja mikono. Ndiyo maana vibanda vya mafundi vimejaa televisheni nzuri za kuvuliwa vipuri, na wenyewe hawarudi kuzichukua.

Hesabu ya mfanyabiashara ni kali zaidi. Tuseme amenunua seti 20 kwa Sh. 400,000 kila moja na anaziuza kwa Sh. 450,000. Faida ya kila seti ni Sh. 50,000, kabla ya pango, kodi na mshahara wa kijana wa duka. Kioo kimoja kikipasuka ndani ya boksi, faida ya seti nane imekwenda. Vikipasuka viwili na nusu, shehena nzima haina faida. Na vioo hupasuka kirahisi: boksi likilazwa chali juu ya pikipiki, likibanwa na kamba, barabara ikawa na matuta, basi. Televisheni husafirishwa ikiwa imesimama, jambo lililochapishwa kwa picha juu ya kila boksi na kupuuzwa na kila mpakiaji.

Majina kwenye fremu

Wapo wanunuzi wanaoamini kuwa jina la zamani lililoandikwa chini ya kioo ndilo dhamana. Soko la dunia limekwisha kuwapita. Sharp ilinunuliwa na Foxconn ya Taiwan mwaka 2016. Biashara ya televisheni ya Toshiba ilikwenda kwa Hisense ya China mwaka 2018. Televisheni za Philips katika masoko mengi zimekuwa zikitengenezwa na kampuni nyingine, TP Vision, tangu mwaka 2012. Samsung yenyewe iliacha kutengeneza vioo vya LCD mwaka 2022, na mwaka 2024 LG Display ilikubali kuuza kiwanda chake cha vioo hivyo cha Guangzhou kwa kampuni ya kundi la TCL. Kwa maneno mengine, vioo vingi vya kawaida duniani sasa vinatoka China, vyovyote liwavyo jina lililobandikwa mbele.

Hilo si baya. Vioo vya China ni vizuri, na ushindani ndio ulioshusha bei hadi mtu wa kipato cha kati akaweza kununua. Ubaya ni kulipa ziada kwa ajili ya jina huku ukidhani umenunua kiwanda. Ziada hiyo ilipe kwa duka lenye wakala anayejulikana, lenye kutoa risiti ya EFD iliyoandikwa namba ya seti, na lenye fundi ambaye unaweza kumwona kwa macho kabla hujatoa fedha. Kadi ya dhamana isiyo na anwani ya hapa nchini ni karatasi ya kufungia maandazi.

Herufi nazo zinachanganya watu makusudi. LED si kioo cha aina nyingine. Ni LCD ile ile yenye taa za LED nyuma. QLED ni LCD hiyo hiyo iliyoongezewa utando wa kuboresha rangi. OLED ndiyo tofauti, kwa sababu kila nukta inatoa mwanga wake, weusi wake ni weusi kweli, na bei yake inalingana na sifa hizo. Lakini OLED ina tabia ya kubaki na alama ya kitu kilichokaa mahali pamoja muda mrefu, kama nembo ya kituo au mstari wa matokeo ya mpira. Mwenye baa au kibanda umiza anayewasha chaneli moja tangu asubuhi hadi usiku wa manane hana sababu ya kuigusa.

Inchi na makochi

Inchi hupimwa kwa mshazari, pembe hadi pembe, na hapo ndipo macho hudanganyika. Kutoka inchi 43 hadi 55 inaonekana ni nyongeza ya inchi 12 tu, kumbe eneo la kioo limeongezeka kwa zaidi ya asilimia 60. Sebule ya nyumba ya kupanga, yenye kochi lililosukumwa hadi ukutani, mara nyingi humpa mtazamaji umbali wa mita mbili au mbili na nusu. Kwa umbali huo inchi 43 zinatosha. Inchi 55 zinafaa pia kama picha yenyewe ni safi.

Na mara nyingi picha si safi. Chaneli inayorushwa kwa ubora wa kawaida ina nukta 720 kwa 576. Kioo cha 4K kina nukta 3,840 kwa 2,160. Ukigawa utaona kuwa kila nukta moja iliyotoka kituoni inatakiwa kujaza nafasi ya nukta 20 kwenye kioo. Televisheni inabidi ibuni nukta 19 zilizobaki, na zile za bei rahisi hubuni vibaya. Ndiyo sababu mtu hutoka dukani amefurahishwa na video ya maua na samaki, kisha nyumbani taarifa ya habari inakuwa kama imechorwa kwa mkaa. Dukani walimwonyesha picha iliyorekodiwa kwa 4K kutoka kwenye flashi. Mnunuzi mwerevu huomba aonyeshwe chaneli anayoitazama nyumbani, kupitia kisimbuzi cha aina aliyonacho. Duka likikataa, hilo nalo ni jibu.

Kuhusu visimbuzi, ieleweke kuwa mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, na Tanzania hutumia mfumo wa DVB-T2. Seti yenye maandishi ya T2 inaweza kupokea yenyewe matangazo ya dijitali yasiyofungwa. Zilizofungwa bado zinataka kisimbuzi na malipo ya mwezi. Muuzaji anayesema “hii haihitaji king'amuzi tena” anasema nusu ya ukweli.

Hapa waangalie pia wale wanaopokea seti zilizotumika kutoka nje, au zilizoletwa ndani ya kontena na ndugu. Seti ya Japani mara nyingi imetengenezwa kwa umeme wa volti 100 na mfumo wa matangazo usiotumika Tanzania. Ya Marekani inaweza kuwa ya volti 120 na ina mfumo wake mwingine kabisa. Ikichomekwa kwenye volti 230 bila transfoma, moshi hutoka siku hiyo hiyo. Kibandiko cha nyuma ya seti kinasema yote: kama hakikuandikwa 100 hadi 240, bei ya chini si unafuu.

Kibandiko hicho hicho huonyesha wati, nalo ni jambo ambalo mnunuzi wa LUKU angelisoma kabla ya inchi. Seti ya wati 50 ikiwashwa saa sita kila siku hula uniti 9 kwa mwezi. Ya wati 100 hula 18. Kwa mteja mdogo wa TANESCO aliye katika kundi la D1, ambalo bei yake nafuu inategemea matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti 9 za ziada zinaweza kumtoa kwenye kundi hilo zikijumlishwa na friji na pasi. Bei ya televisheni hailipwi yote dukani.

Neno smati nalo limekuwa la kila boksi. Mengi ya maboksi ya bei rahisi yana mfumo wa Android usio na leseni, ambamo programu za filamu hufunguka leo na kesho zinagoma. Mwenye simu na kifurushi anaweza kununua kifaa kidogo cha kuchomeka ubavuni mwa seti na kukibadilisha kikichakaa. Kioo kizuri kisicho smati kinaweza kufanywa smati wakati wowote, lakini hakuna kifaa cha kuchomeka kinachotengeneza kioo kibaya.

Ghala si benki

Kwa wenye maduka, kishawishi kikubwa ni kujaza ghala kabla ya mashindano makubwa ya mpira. Septemba 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kuandaa kwa pamoja AFCON ya 2027, na hapana shaka wapo waliokwisha kupiga hesabu ya makontena. Mpira huuza televisheni, hilo ni kweli. Lakini televisheni si sukari wala mchele wa kusubiri bei ipande. Katikati ya mwaka 2021 bei ya vioo duniani ilikuwa juu kwa sababu ya janga la korona. Mwaka uliofuata ikaporomoka vibaya. Aliyenunua juu na kuhifadhi alijikuta anashindana na jirani aliyenunua chini seti iliyo mpya zaidi. Kabla ya hapo kulikuwa na plasma. Panasonic ilisimamisha uzalishaji wake mwishoni mwa mwaka 2013, Samsung na LG zikafuata mwaka 2014, na aliyekuwa na plasma ghalani alibaki na mzigo ambao hata vipuri vyake havikuwa na kesho.

Duka dogo lina nafasi nzuri zaidi likishika chapa mbili au tatu badala ya nane, saizi zinazotoka haraka, na akiba ndogo ya taa za nyuma na bodi za chapa hizo hizo. Fedha inayowekwa kwenye akiba hiyo haifiki bei ya seti mbili, lakini ndiyo inayomrudisha mteja akiwa na shemeji yake. Kijana wa duka naye afundishwe kuuliza mambo matatu kabla ya inchi: kochi liko umbali gani, nyumbani kuna kisimbuzi gani, na umeme wa mtaa huo ukoje. Kama unacheza-cheza, auze na kifaa cha kulinda umeme hapo hapo, kwa bei ya haki, asikifanye cha kumalizia faida.

Mnunuzi, kwa upande wake, asikubali kupokea boksi lililofungwa. Seti ifunguliwe juu ya meza, iwashwe, iwekwe picha nyeupe tupu kwa dakika tano, kisha nyeusi tupu, taa za duka zikiwa zimepunguzwa. Doa, mstari au pembe yenye kiza vitaonekana. Namba iliyo nyuma ya seti isomwe kwa sauti na kuandikwa kwenye risiti wakati wote wawili wakiiona. Ndipo irudishwe kwenye boksi, ibebwe ikiwa imesimama, na dereva aambiwe kuna nini ndani.