Yule wa Kwanza Alikuwa Mtoto wa Nani?

Wako wakubwa wa udaktari wanaocheka wakiona mwanafunzi anapasua kichwa cha bandia. "Huyo ni mwanasesere," husema. "Sisi tulijifunza kwa wagonjwa." Ndiyo, mlijifunza kwa wagonjwa. Nauliza tu: yule wa kwanza alikuwa mtoto wa nani?

Tuchukue ugonjwa wa maji kujaa ubongoni. Mpasuaji hutoboa fuvu, hupitisha kamera nyembamba, kisha hutoboa sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo ili maji yapate njia. Chini tu ya sakafu hiyo umelala mshipa mkubwa wa damu. Ukiuchoma, mgonjwa anaweza kukufia mezani. Hapo ndipo mahali pa kujaribia mkono?

Huko Boston, Marekani, madaktari waliungana na mafundi wa sinema wakaunda kichwa cha kijana wa miaka 14, ubongo ukidunda na maji yakitembea. Taarifa yake ilitoka mwaka 2017. Mwanasesere, haya. Lakini huyu ukimharibu unamtengeneza upya. (Ni ghali, najua. Kaburi nalo je?)

Sikatai, mwanafunzi lazima asimame kando ya mwalimu wake, mbele ya damu ya kweli. Ila afike pale akiwa ameshauchoma mshipa ule mara nyingi, kwenye silikoni.