Pedeli ya Breki Ikizama, Usipakie Mzigo

Najua hapa umezoea kusoma habari za viwavijeshi, mbolea na nafasi za kupandia. Leo naongelea breki, na kuna mtu atasema bwana shamba kaingilia kazi za mafundi. Sawa, aseme. Ila kabichi ikishavunwa bado haijawa pesa, inakuwa pesa ikifika sokoni, na ili ifike lazima ipande gari. Chukua barabara ya kushuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, kona juu ya kona. Gari, mzigo na vijana wa kushusha waliokaa juu yake, wote wanategemea kikopo cha mafuta ya breki ambacho pengine hakijafunguliwa tangu gari linunuliwe.

Ninachopinga mimi ni lile neno la madereva wetu: "Pampu tu, itashika." Anakanyaga mara ya kwanza pedeli inaenda chini, anakanyaga ya pili, ya tatu, inashika, safari inaendelea. Jamani! Ng'ombe akiingia barabarani kwenye kona, hiyo mara ya tatu utaipatia wapi?

Kupima ni kazi ya dakika mbili, na gari limesimama. Zima injini, weka kigingi kwenye tairi. Kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedeli iwe ngumu. Halafu ikandamize kwa nguvu ile ile, usiachie, hesabu mpaka thelathini. Ikibaki palepale, vizuri. Ikizama taratibu kuelekea sakafuni, kuna mahali mafuta yanapita. Ukiwasha injini huku umekanyaga, pedeli itashuka kidogo, na hiyo ni kawaida, ni sevo imeanza kusaidia. Wengine wameuziwa masta silinda mpya kwa sababu ya hilo tu.

Sasa yanapita wapi? Inama uangalie upande wa ndani wa kila tairi. Ukikuta unyevu wa mafuta, wili silinda inavuja. Pitisha jicho kwenye mabomba na mipira yake. Kama kote ni kukavu lakini kikopo kinapungua, angalia pale masta silinda inapokutana na sevo, maana yanaweza kuwa yanaingia humo ndani, chini huoni hata tone. Kama kukavu na kikopo hakipungui, lakini pedeli inazama, basi raba za ndani ya masta silinda zimechoka: mafuta yanazipita na kurudi kwenye kikopo. Hapo kuongeza mafuta hakusaidii chochote.

Pedeli laini, kama unakanyaga godoro, ni jambo lingine. Huo mara nyingi ni upepo kwenye mabomba, na upepo hauingii bila sababu. Ama mafuta yalishuka sana, ama fundi alifungua kitu akafunga bila kuutoa wote. Na kama ya kwanza inaenda chini ila ya pili inakuja juu na ni ngumu, anza na breki za nyuma za dramu. Shuu zimelika au hazijakazwa siku nyingi.

Kuna moja linalowachanganya watu wa milimani. Asubuhi breki nzima, katikati ya mteremko pedeli inakuwa laini, mkipumzika nusu saa inarudi. Dereva anasema gari lina mashetani. Hakuna shetani hapo, mafuta yamechemka. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye 140 hivi. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Badilisha yote kila baada ya miaka miwili, na mteremko ushuke na gia ndogo, usiegemee mguu. Na tafadhali, usiweke oili ya injini kwenye kikopo kwa kuwa "nayo ni mafuta". Raba zitavimba na mfumo mzima utakufa.

Mzigo nao una lake. Kirikuu nyingi zimetoka Japani, na kule zimeruhusiwa kubeba kilo 350. Lumbesa moja ya viazi inazidi kilo 100. Nne tu, umeshapita. Nimekuwa nikipiga kelele kuhusu lumbesa kwa sababu inamuibia mkulima. Sasa ongeza na hii.

Wengi wenu hamna gari, mnakodi, na mnaona haya kumkagua mwenye gari. Kwa nini? Mbegu unaikagua, dawa unasoma tarehe, gari la kubeba msimu mzima unaliamini kwa macho? Kabla ya kupakia mwambie, "Kaka, hebu tukanyage breki tuone." Akikasirika, tafuta mwingine, hata kama bei yake iko juu kidogo. Na ukimkuta fundi ameziba bomba la tairi moja linalovuja ili "mfike tu", hilo gari lina breki pungufu na likikanyagwa linaweza kuvuta upande. Mzigo ubaki chini, vijana wapande basi.