Msela ni Nani?

Parokiani tunawasikia wazazi wakiwaonya watoto wao: "Usiandamane na wale masela." Wanamaanisha vijana wa kijiweni, wenye rasta, suruali za mlegezo na lugha ya mafumbo. Hata sisi waseminari tumelitumia neno hilo kama hukumu.

Lakini asili yake si uhalifu. Msela limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya baharia: mtu aliye mbali na kwao, anayewategemea wenzake walio naye chomboni. Siku hizi vijana wanaitana hata "baharia" waziwazi. Kwao, kumwita mtu msela ni kumwambia: wewe ni mwenzangu. Neno lilelile kijiweni ni undugu, parokiani ni tuhuma. Katika falsafa tunajifunza kwamba kumpa mtu jina si kumjua.

Bwana wetu aliwaita mitume wake wa kwanza kutoka kwenye mashua na nyavu (Mt 4:18-22). Hakuwasubiri sinagogini, aliwafuata ufukweni.

Hatusemi bangi na wizi vifumbiwe macho. Dhambi iitwe dhambi, naye aliyeitenda aonywe. Ila mtindo wa nywele si dhambi, na kukosa kazi si dhambi.

Dominika hii, tukitoka Misa, tusipite kijiweni tukikumbatia mikoba. Tusimame, tusalimiane, tuulize jina. Huenda huyo tunayemwita msela tulipokea naye Kipaimara siku moja.