Nani Kasema Sanaa ya Kisasa ni ya Wazungu?

Jumamosi iliyopita kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilikodi Kosta kwenda kuangalia maonyesho ya sanaa Mikocheni. Hata ukuta wa kwanza hatujaumaliza, mzee mmoja anayeheshimika sana kikundini akatoa hukumu: "Haya mambo ya Wazungu haya. Hata mjukuu wangu wa chekechea anachora hivi." Wenzangu wakacheka, wakatoka nje kunywa soda. Niliudhika, na hasira bado ninayo.

Mzee alikuwa mbele ya mifuko ya saruji iliyoshonwa pamoja kwa uzi wa magunia, juu yake sura za vibarua, vumbi la kijivu likiwa bado kwenye mikunjo. Mzungu gani anabeba saruji Tegeta?

Picha za Tingatinga hakuna anayezikataa. Hizo tunaziita za asili. Asili ipi? Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, hapa hapa Dar es Salaam, kwa rangi ya kupakia baiskeli juu ya hadibodi, na wateja wake wa Oysterbay walikuwa hao hao Wazungu. Mama yangu ni mkubwa kuliko huo "urithi wa mababu". Ilikuwa sanaa ya kisasa, tukaizoea, basi.

Au Sam Ntiro, Mchaga, balozi wetu wa kwanza Uingereza. Alichora wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Makumbusho ya MoMA ya New York yaliichukua picha hiyo mwaka 1960. Pombe ya ndizi nayo ni ya Wazungu?

Na huyo mjukuu, anachorea wapi? Shule zetu ngapi zina mwalimu wa uchoraji? Mtoto akichora kwenye daftari la hesabu anachapwa. Sebuleni kwa babu yake kuna picha ya plastiki ya maporomoko ya maji, imetoka China. Hiyo sijamsikia akiiita mambo ya Wachina.

Ukisusa, wenzio wala. George Lilanga, mwana wa Masasi, kazi zake zilinunuliwa na mkusanyaji Jean Pigozzi zikaenda Ulaya. Alipokuwa akizifanya pale Nyumba ya Sanaa, katikati ya mji, sisi tulipita nje na daladala tukiwahi Posta.